Setilaiti tutanunua, hesabu zake je?

Roketi ikirushwa kutoka Mbinga, kusini mwa Tanzania, kuelekea mashariki ingeondoka na mtaji mkubwa kuliko inayorushwa kutoka Florida, Marekani. Sisemi hivyo kwa kuvutia kwetu. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye mstari wa ikweta ardhi inakimbia kiasi cha mita 465 kila sekunde. Ukisogea kaskazini au kusini, kasi hiyo inapungua. Cape Canaveral, wanakorushia Wamarekani, inapata kama mita 409. Baikonur kule Kazakhstan, alikoondokea Yuri Gagarin mwaka 1961, inapata kama 323. Sisi wa Mbinga, tulio kama nyuzi 11 kusini mwa ikweta, tunapata 456. Roketi iliyosimama kimya kwenye milima ya Litembo, hata kabla haijawashwa, imeshapewa bure na dunia nyongeza ya mwendo ambayo Mrusi pale Baikonur hana budi kuilipia kwa mafuta.

Kasoro yetu ni majirani. Mashariki mwa Mbinga kuna Songea, Namtumbo, Tunduru na Masasi, na roketi huacha vipande vyake njiani. Tarehe 30 Desemba 2024, wanakijiji wa Mukuku, Makueni nchini Kenya, waliangukiwa na pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi na kipenyo cha kama mita mbili na nusu, na shirika la anga la nchi yao likasema ni kipande cha roketi. Kwa bahati haikumpata mtu. Ndiyo maana Wamarekani huanzia pwani, vipande vikaangukie Atlantiki.

Hesabu hizi sikuzipata chuo kikuu. Nina steshenari Mbinga mjini: natoa kopi, naprinti, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga laminesheni vyeti, na msimu wa kahawa nashinda na karatasi za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Jioni wateja wakipungua, kompyuta mojawapo kati ya zile kuukuu inageuka chombo cha anga. Wanaoirusha ni wanafunzi wa sekondari waliokuja kuprinti mitihani ya majaribio wakasahau kuondoka. Nao ndio walionisukuma niandike makala haya, kwa sababu viongozi wetu wamekwisha kusema hadharani kwamba Tanzania inajiandaa kuwa na setilaiti yake, na mimi nina wasiwasi kwamba tutainunua kama watu wanavyonunua kabati la vyombo: likae sebuleni, wageni walione.

Gemu tunalocheza linaitwa Orbiter. Lilianzishwa na mtu mmoja, Martin Schweiger, mtafiti wa University College London, aliyelitoa bure mwaka 2000. Mwaka 2021 akaweka wazi hata msimbo wake ili kila anayetaka auchambue. Toleo la 2010 linakwenda kwenye kompyuta ambazo maofisi yameshazitupa. Likishawekwa halihitaji bando. Ndani yake hakuna adui, hakuna risasi, hakuna pointi wala muziki wa kukupongeza. Kuna Dunia, Mwezi na sayari nyingine, kila moja na uzito wake na mvutano wake, na kuna chombo chenye mafuta yenye kikomo. Ukipiga hesabu vibaya, hakuna anayekuonea huruma: ama unaipita shabaha ukapotelea gizani, ama unaikuta ardhi mapema kuliko ulivyotaka.

Nieleze jioni moja, msomaji aone ninachosema. Vijana wawili wa kidato cha nne walikuwa wameshafika obiti, yaani wanaizunguka Dunia bila injini kuwaka. Mbele yao, kilomita chache, kilikuwepo Kituo cha Anga cha Kimataifa, nao walitaka kuunganisha chombo chao nacho. Kijana aliyeshika kibodi akaelekeza pua ya chombo kwenye kituo, akawasha injini kuu. Namba ya umbali ikapungua kidogo. Wakachekelea. Halafu ikasimama, ikaanza kuongezeka.

“Kaka, mbona tunakifuata na kinazidi kwenda mbali?”

Kabla sijajibu akaingia mteja anataka kopi tatu za kitambulisho, mbele na nyuma. Nikamhudumia. Niliporudi, binti wa kidato cha tatu aliyekuwa akisubiri kazi yake ya kuchapwa alikuwa ameshainama juu ya mabega yao. “Punguza mwendo,” akawaambia. “Ukiongeza mwendo unapanda juu, na huko juu mzunguko ni mrefu na chombo kinakwenda polepole. Shuka chini kwanza, kule unazunguka haraka, utakikuta.”

Wakamkatalia. Wakabishana hadi mteja wa kopi akaanza kusikiliza. Mwisho wakageuza chombo kinyumenyume, wakawasha injini sekunde chache, chombo kikashuka kidogo, na namba ya umbali ikaanza kupungua kweli. Ili umkute aliye mbele yako, funga breki. Hakuna dereva wa barabara ya kwenda Mbamba Bay atakayekubali jambo hilo, lakini angani ndiyo sheria.

Wasijione wajinga. Tarehe 3 Juni 1965, mwanaanga James McDivitt, rubani stadi wa ndege za kivita, alijaribu jambo lilelile kwenye chombo cha Gemini 4. Alitaka kukisogelea kipande cha roketi kilichomfikisha obiti, akakielekezea pua na kusukuma kama vile anavyofanya na ndege. Kipande kikazidi kumkimbia, mafuta yakaliwa, na jaribio likaachwa. Wakati huo Buzz Aldrin, ambaye baadaye alikanyaga Mwezi, alikuwa ameshaandika tasnifu yake ya udaktari pale MIT mwaka 1963 kuhusu namna vyombo viwili vinavyoweza kukutana obiti. Desemba mwaka huohuo wa 1965, Gemini 6A ikaikuta Gemini 7 na kukaa jirani nayo. Kilichobadilika katika miezi ile sita ni kwamba watu walikubali kuishika hesabu na kuyaacha mazoea ya kuruka.

Sasa linganisha na tunavyofundisha. Katika muhtasari wa Fizikia wa kidato cha nne ambao kizazi kizima kimeusoma kulikuwa na mada ya elimu ya nyota, na mvutano umo humo. Mwanafunzi wa Mbinga anaiandika kanuni ya Newton bila kutetereka. Muulize kwa nini mwanaanga anaelea, atakujibu kwamba kule juu hakuna mvutano. Si kweli. Kwenye kituo cha anga, kilomita 400 hivi juu yetu, mvutano wa Dunia bado ni kama sehemu tisa kati ya kumi za huu unaotushikilia hapa. Anaelea kwa sababu yeye na kituo chake wanaanguka pamoja.

Jambo hili nililieleza siku moja Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, kwa mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye amevua usipa tangu ujana wake. Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mvuvi anaijua kalenda ya mwezi kuliko mwalimu yeyote, na kwenye anga la ziwani anaona nyota ambazo sisi wa mjini tumezizima kwa balbu. Tulikuwa ufukweni, jua limeshazama, nikamwonyesha kituo kikipita, nuru moja isiyopepesa, ikikata anga kwa dakika chache.

“Kina injini inayowaka?” akauliza.

“Hapana, mjomba. Kinakwenda chenyewe.”

“Basi mbona hakianguki?”

“Kinaanguka. Kila sekunde kinaanguka mita nne na kidogo. Lakini katika sekunde hiyohiyo kimekwenda mbele zaidi ya kilomita saba na nusu, na katika umbali huo Dunia nayo, kwa kuwa ni mviringo, imeinama mita nne na kidogo.”

Akanyamaza, akakitazama mpaka kikamezwa na kivuli upande wa Msumbiji. Kisha akasema: “Kumbe kinaanguka, ila Dunia inakikwepa, mjomba.”

Nimesoma maelezo mengi ya obiti. Sijakuta lililo fupi na sahihi kuliko hilo. Newton mwenyewe alilieleza kwa kuchora mzinga juu ya mlima mrefu, risasi ikirushwa mbali zaidi na zaidi mpaka inakosa pa kuangukia. Mjomba hakusoma Newton. Alipewa jambo lenyewe machoni pake na namba mbili, akamalizia. Hilo ndilo gemu linalowafanyia vijana wangu pale dukani, isipokuwa wao wanaweza pia kugusa, kuharibu na kurudia.

Na hapa nataka tutazame historia yetu, kwa sababu Afrika Mashariki haikuingia kwenye mambo ya anga jana. Mwaka 1960, Uingereza, iliyokuwa ikiishika Zanzibar, iliwaruhusu Wamarekani kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vyao Unguja, eneo la Tunguu. Baadhi ya wanasiasa wa visiwani walipinga, wakihofia kwamba ni kambi ya kijeshi iliyovishwa nguo za sayansi. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka Dunia mara tatu kwa muda usiotimia saa tano, alivuka Afrika akizungumza na kituo cha Kano, Nigeria, kisha kile cha Zanzibar, kabla ya kuingia Bahari ya Hindi na kuliona jua likizama kwa mara ya kwanza akiwa angani. Sauti yake ilishuka Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, na mwaka huohuo mitambo ikafungashwa. Wamarekani walihamishia shughuli hiyo Madagaska.

Kenya walipata kikubwa zaidi. Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa baharini karibu na Malindi, wakarusha setilaiti kutoka hapo kuanzia Aprili 1967 hadi 1988. Walichagua Malindi kwa sababu ileile niliyoanza nayo: ukaribu wa ikweta, tena na bahari upande wa mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ya kwanza ya aina yake duniani, nayo ikapewa jina Uhuru. Matokeo yake yalikuwa miongoni mwa kazi zilizompatia Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Waitaliano, tuzo ya Giacconi. Kenya ilitoa bahari na jina.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mambo haya mgeni alikuja, akala, na mwenyeji akabaki mtazamaji. Sitaki kulaumu wageni. Walikuja kutafuta mahali, wakapata mahali. Sisi ndio hatukuwa na watu wa kuwaweka mezani. Tangu setilaiti ya kwanza kurushwa Malindi hadi Kenya ilipopata ya kwake ya kwanza, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka kituo cha anga Mei 2018, ilipita miaka 51.

Uganda walikwenda kwa njia nyingine, na hiyo ndiyo naipenda. Hawakuwa na jukwaa wala historia. Walipeleka wahandisi vijana watatu Kyushu Institute of Technology, Japani, wakajifunza kwa kuunda setilaiti yenye ukubwa wa boksi la sentimita kumi kila upande. Ikarushwa Novemba 2022. Boksi lile halina maajabu, na maisha ya vitu vidogo kama hivyo angani ni mafupi. Lakini wale watatu hawaanguki. Kenya nao wakafuata Aprili 2023 na Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria. Maana yake ni kwamba majirani wameshaanza kuhesabu watu kabla ya vyombo.

Kuna watakaosema: Mbinga na roketi, wapi na wapi? Nawakumbusha kwamba hesabu inayoonyesha roketi itafika kasi gani kwa mafuta kiasi gani ilichapishwa mwaka 1903 na Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Kaluga, Urusi, ambaye masikio yake yalikuwa karibu kuziba kabisa tangu utotoni. Hakuwahi kurusha roketi hata moja. Alikuwa na ubao, chaki na wanafunzi. Kaluga haikuwa na umaarufu kuliko Mbinga.

Wengine watasema tuanze na maabara, shule hazina hata kemikali. Nakubali kuhusu kemikali. Lakini shule nyingi za huku zina chumba cha kompyuta, tena baadhi zimefunga kufuli, ufunguo uko kwa mwalimu mmoja na mwalimu huyo yuko semina. Ile ni maabara tayari. Haiishiwi asidi wala haivunjiki chupa. Umeme ukikatika mnasubiri urudi, kama tunavyosubiri kwa mengine yote.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la mzazi. Baba mmoja alinifuata dukani, akasimama mlangoni bila kuketi. “Ndugu yangu, mwanangu anasoma hapa au anacheza?” Nikamkaribisha, nikamwomba mwanawe amweleze baba yake kwa nini chombo hakiwezi kurudi ardhini kwa kuelekeza pua chini. Kijana akaeleza: unageuza mgongo mbele, unawasha injini kidogo ili kupunguza mwendo, mengine unaiachia hewa ikufunge breki, ukiingia wima sana unaungua, ukiingia kwa ulalo mno unaipita. Akamchorea pembe kwenye kipande cha karatasi kilichoharibikia mashineni. Mzee aliitazama ile karatasi muda mrefu, akauliza swali moja, “Na hiyo pembe unaipataje?” Ndipo kijana akaanza kuzungumzia kosaini, kitu ambacho, kwa maelezo ya baba yake mwenyewe, nyumbani hakijawahi kutajwa isipokuwa kwa kulalamikiwa.

Sidai kwamba gemu linatosha. Halifundishi kuchomelea, halitikisiki, halijui baridi wala vumbi, na fedha ya kurusha halina. Mtu anaweza kutua Mwezini kila jioni pale kwangu na asiweze kubadilisha fyuzi. Wala sisemi kila mtoto wa Mbinga awe mhandisi wa anga. Wengi watarudi kwenye mashamba ya kahawa, au kwenye ngolo (mashimo yetu ya kulimia mlimani) za mahindi, au Mbamba Bay kwenye nyavu, na heri yao. Lakini hata huko obiti imeshawafikia. Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi Ziwa Nyasa, ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huitoa na mjomba huisikiliza redioni kabla ya kusukuma mtumbwi, inategemea picha za mawingu zinazopigwa na setilaiti za Ulaya zilizoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Umbali huo una sababu: hapo ndipo setilaiti inapozunguka kwa muda uleule ambao Dunia inajizungusha, ikaonekana kama imesimama. Fundi dishi wa mtaani anayesogeza dishi upana wa kidole mpaka picha ije anafanya kazi juu ya sababu hiyohiyo. Ni aibu kumwacha mtu amalize shule bila kuijua, ilhali anaitumia kila siku.

Ninachopendekeza ni kidogo, na hakisubiri bajeti ya mwaka ujao. Wizara iruhusu simyuleta ya bure ya anga iwekwe kwenye kompyuta za shule za sekondari kama zana halali ya Fizikia na Hisabati; fleshi moja inazunguka wilaya nzima. Tuna UMISSETA ya mpira na riadha. Tuongeze mashindano ya obiti, Mbinga dhidi ya Nyasa, dhidi ya Songea, kila timu ikipewa chombo kilekile na mafuta yaleyale, na mshindi awe atakayefika kwenye kituo akiwa na mafuta mengi yaliyosalia. Mwalimu asiogope kwamba wanafunzi watamzidi. Watamzidi, na hiyo ndiyo faida.

Na mkataba wa setilaiti ya taifa utakaposainiwa, uwe na kifungu kinachotaja viti: viti vya vijana wa Kitanzania kwenye chumba cha kupanga njia ya chombo na kukiongoza kikishafika, si viti vya mstari wa mbele kwenye sherehe. Siku hiyo wengine watataka kujua imegharimu shilingi ngapi na imerushwa na roketi ya nani. Mimi nitauliza nani ameipigia hesabu za obiti, na alisoma shule gani.